Siku Bibi Alipomwombea Jogoo Wangu

Kule Kiseke tulikopanga mwanzo kuna watu ambao mpaka leo nikikutana nao sokoni wananishika mkono vizuri, wanauliza habari za mke, habari za kazi, halafu wanainamisha uso kidogo na kuuliza, "Na jogoo hajambo?" Mimi nacheka. Nifanyeje? Aibu niliyoipata siku ile ilikuwa kubwa, kuificha ni sawa na kutaka kufunika mwamba wa Mwanza kwa khanga, kwa hiyo nimeamua niwasimulie mwenyewe, kwa mdomo wangu, kabla hamjasimuliwa na mtu mwingine akaongeza chumvi (ingawa kwa kweli chumvi haina pa kuingia, mkasa wenyewe umejaa).

Ilikuwa miaka sita iliyopita. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nimemuoa Modesta, binti wa Musoma, na tumepanga chumba na sebule juu kabisa mlimani, mahali ambapo ukisimama mlangoni asubuhi unaliona ziwa lote limetandazwa kama shuka jipya. Hatukuwa na kitu. Tulikuwa na godoro, kochi moja la watu wawili, jiko la mkaa na kalenda. Lakini nikikumbuka siku zile moyo unalainika, maana mimi nilikuwa na ndoto, na Modesta alikuwa anazisikiliza. Ndoto yenyewe ilikuwa boti. Nilitaka boti ya kubeba abiria na wageni, yenye viti vya buluu na muziki wa taratibu, na nilikuwa nimeshaipa hata jina, sitalitaja hapa kwa sababu bado nalihifadhi.

Sasa boti haiji kwa kuangalia ziwa. Nilikuwa nafanya kazi kwenye kiwanda kimoja cha kukamua mafuta ya pamba kule Nyakato, na kwa ajili ya hiyo boti nikawa naunganisha zamu, natoka ya mchana naingia ya usiku, na ili nisisinzie kwenye mashine nakunywa vile vinywaji vya kopo vya kuongeza nguvu, makopo matatu, manne, juu yake sigara. Nilijiona mwanaume wa chuma.

Mwezi wa tatu wa ndoa mwili ukanigomea.

Nasema mwili, ila ninyi watu wazima mnajua ni sehemu gani ya mwili. Mara ya kwanza Modesta aliniambia, "Umechoka baba, pumzika," nikapumzika. Mara ya pili akageukia ukutani. Mara ya tatu nilianza kuogopa tangu saa kumi jioni, jua bado kali, mtu niko kiwandani nashika gunia la mbegu huku nafikiria kitanda kama mwanafunzi anayefikiria mtihani wa hesabu, na nikifika nyumbani nikimkuta Modesta amevaa ile khanga yake ya njano, badala ya kufurahi natokwa na jasho. Nikaanza kujifanya nina mafua. Nikajifanya nina mgongo. Kuna siku nilijifanya nasali rozari, nikasali kweli mpaka akasinzia.

Neno lenyewe, hili la upungufu wa nguvu za kiume, lilikuwa halitamkiki mdomoni mwangu. Mwenzangu wa kiwandani, Masalu, Msukuma mmoja mwenye maneno mengi, ndiye aliyenipa neno la kutumia, bila yeye kujua. Kulikuwa na gari linapita Nyakato na vipaza sauti juu, linauza unga wa mitishamba, linatangaza, "Baba, jogoo wako hawiki? Jogoo hapandi mtungi? Sogea hapa!" Masalu akawa anacheka, "Kuna watu wanateseka ndugu yangu, jogoo hawiki!" Na mimi nikacheka kwa nguvu kuliko wote, huku moyoni nimesema: kumbe ndivyo inavyosemwa. Jogoo hawiki. Neno safi, halina matusi, unaweza kulisema hata mbele ya padri.

Uamuzi wangu mdogo ulikuwa huo, kwamba nitalitumia hilo neno kumwambia Bibi.

Mtashangaa kwa nini Bibi. Baba na Babu walishatangulia, na Bibi Nyanjura ndiye aliyenilea kule Ukerewe, nje kidogo ya Nansio, mimi na mihogo yake na kuku wake. Kwetu mjukuu na bibi ni watani, ananiita mume wangu, na hakuna jambo ambalo bibi hawezi kuambiwa na mjukuu. Tatizo lilikuwa simu yake. Simu ya Bibi ilikuwa inapiga kelele kwa spika muda wote, hajui kuizima, kwa hiyo ukiongea naye unaongea na nyumba nzima pamoja na waliokuja kuomba chumvi. Ndiyo maana nikaona nitumie fumbo. Nilichosahau ni kwamba yale magari ya vipaza sauti hayavuki maji kwenda kwa Bibi, na kwamba Bibi, katika maisha yake yote, akisikia jogoo anafikiria jogoo.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mume wangu. Reo umenikumbuka?" (Bibi alikuwa na ile lafudhi yetu ya kisiwani, l na r zinabadilishana viti.)

"Bibi nina shida. Jogoo wangu hawiki."

Nikasikia amevuta kigoda, amekaa. Nikajua hapo amenielewa.

"Tangu rini?"

"Mwezi wa pili sasa."

"Masikini. Anakura?"

Nikajipima. Nakula? Nakula. "Anakula vizuri tu Bibi."

"Anarara wapi?"

"Ndiyo shida yenyewe hiyo. Analala tu."

"Ni mkubwa?"

"Bibi jamani!" Nikaona haya hata nikiwa peke yangu. "Ni wa kawaida tu."

"Na arfajiri je? Jogoo mzima arfajiri razima ajisikie."

Nikasema moyoni, watu wa zamani walisoma wapi? "Alfajiri anajaribu kidogo, halafu anaacha."

"Basi hajafa huyo. Ana majike wangapi?"

"Mmoja tu, Bibi."

"Mmoja? Na bado anashindwa!" Nikasikia mtu mwingine huko nyuma anasikitika pia. "Sikiriza mume wangu. Tafuta shubiri mwitu, katakata, roweka na pilipiri kichaa. Anywe asubuhi na jioni siku tatu. Mtenge, asirare na jike, atamwambukiza. Mpake majivu chini ya mabawa. Na asubuhi mtoe, apigwe na jua."

"Na ikishindikana?"

"Mchinje. Jogoo asiyewika wa kazi gani?"

Mimi nikalipokea hilo la kuchinja kama fumbo juu ya fumbo, nikaelewa kwamba natakiwa nichinje woga wangu. Nikamshukuru sana. Nilitoka pale nimejaa matumaini, nikapita kwa jirani kuomba majani mawili ya shubiri mwitu.

Jamani, shubiri mwitu na pilipili kichaa si kinywaji cha binadamu. Kile kitu kilipoingia tumboni kilikuwa kama kimetumwa kufukuza mpangaji. Siku ya kwanza nilikwenda chooni mara tisa (choo chenyewe cha nje, cha wapangaji wote, na kila ninapokimbia napita mbele ya wanawake wanaofua). Kuhusu majivu, nilikaa nikatafakari mabawa ya mtu ni yapi, nikaamua ni kwapa, nikajipaka. Asubuhi nikavua shati, nikaenda kukaa juu ya mwamba nyuma ya nyumba, mikono nimeinyanyua kidogo ili jua lipenye. Na jioni nikachukua shuka, nikahamia kwenye kochi, kwa sababu Bibi alisema nimtenge, asije akamwambukiza mke wangu.

Sasa jiweke kwenye nafasi ya Modesta. Mume uliyekaa naye miezi mitano anakukwepa. Amehama kitanda. Anakunywa maji ya kijani kwa kujificha. Umemwamsha kwenye kochi umekuta kwapani kumejaa majivu.

"Faustine, haya ni nini?"

"Majivu."

"Naona ni majivu. Ya nini?"

"Ya jasho."

Akachukua ndoo, akaenda kuteka maji. Alhamisi nikampigia Bibi, nikasema kwa unyonge kwamba siku tatu zimeisha na hakuna mabadiliko. Bibi akasema, "Basi nitakuja mwenyewe Jumamosi, nakuja na wangu." Nikadhani wangu maana yake unga wake, dawa yake ya siri. Nikamwambia karibu sana.

Ijumaa niliporudi, nilikuta begi la Modesta liko nyuma ya mlango, limefungwa. Yeye amekaa kwenye kochi, kwenye kitanda changu kipya, mikono mapajani. Hakupiga kelele. Modesta hana kelele, ila begi lile liliniambia kwamba mambo yameharibika.

"Kesho jumuiya inakuja kwetu, sitaki watu wakose mwenyeji," akasema. "Ikiisha, Jumapili asubuhi napanda basi naenda Musoma kwa mama. Huyo mwanamke aliyekupeleka kwa mganga unaweza kumleta hapa, mimi sitakuwepo."

"Hakuna mwanamke, Mode."

"Unaogopa kulala na mimi kama nina ukoma. Unakunywa madawa. Unajipaka majivu. Kama siyo mwanamke, ni nini? Niambie neno moja tu, Faustine. Moja, nitafungua begi."

Nikafungua mdomo. Neno likaja likafika hapa kwenye meno, likachungulia, likarudi. Nikasema, "Ni kazi nyingi." Akatikisa kichwa, akaingia chumbani, na mimi nikabaki na begi. Sijawahi kumpenda mtu kama nilivyompenda jioni ile akiwa amenipa mgongo, na sikuweza kumpa neno moja.

Jumamosi saa kumi jioni jumuiya ikaja. Kwa wasiojua, jumuiya ni sisi Wakristo wa mtaa mmoja, tunakutana kila wiki nyumba kwa nyumba, tunasoma neno, tunasali, tunakunywa chai. Walikuja kama watu ishirini, wanawake kwenye mikeka, wanaume kwenye viti vya plastiki vya kuazima, na Mwenyekiti wetu Mzee Bwire, fundi cherehani, mtu mkali wa ratiba, futi yake ya kupimia iko shingoni kama kawaida. Tukasoma, tukatafakari, tukafika kwenye maombi, pale ambapo kila mtu anasema ombi lake na mwisho anasema "Ee Bwana," na sisi wote tunajibu "twakuomba utusikie." Mmoja akaombea mvua. Mwingine akaombea mwanae wa chuo. Modesta akaombea "safari ya kesho," nikatazama chini.

Hapo nikasikia nyuma yangu, "Hodi humu ndani! Tumsifu Yesu Kristo!"

Bibi. Ameshuka kwenye feri ya Nansio, kapandisha mlima wote ule kwa miguu yake, kilemba kimekaa upande, na mkononi ana tenga, na ndani ya tenga kuna jogoo mwekundu mkubwa, mkia kama moto, anaangalia watu kwa dharau. Niwaambie ukweli, hata hapo sikuelewa. Nilifikiri ameniletea zawadi.

Watu wakamsogezea mkeka. Akakaa, akaweka tenga mbele yake, akauliza mmefikia wapi, akaambiwa kwenye maombi. "Mmefanya vizuri kunisubiri," akasema, akafumba macho. Sasa mjue Bibi ni mtu wa kuombea kila kitu. Anaombea mihogo isioze, anaombea mbuzi azae salama, kwake Mungu ni jirani mwenye shamba.

"Ee Mungu mwenyezi," akaanza, na sauti yake haikuwa ndogo, "namwombea mjukuu wangu Faustine. Mwezi wa piri sasa, jogoo wake hawiki."

Mtu mmoja akakohoa. Mimi nikalitazama lile tenga, na hapo ndipo nikaelewa.

"Anakura, anarara, ira hawiki. Arfajiri anajaribu kidogo, anaacha. Na jike anaye mmoja tu, ee Baba, mmoja tu, naye anateseka bure. Nimempa shubiri mwitu siku tatu, hakuna kitu. Nimempaka majivu chini ya mabawa, hakuna kitu. Nimemtenga na jike, hakuna kitu. Basi wewe unayeamsha waliorara, mwamshe na huyu. Ee Bwana."

Na jumuiya, kwa mazoea, kwa pamoja, watu ishirini, wakajibu:

"Twakuomba utusikie."

Kisha pakawa kimya. Mmewahi kusikia kimya kinachochemka? Wanawake walijifunika khanga mpaka juu, mabega yanatikisika. Mzee Bwire akasema, "Tuendelee... tuendelee na Baba Yetu," akaanza, akafika "ufalme wako ufike" akashindwa, akashika futi yake kwa mikono miwili akawa anaitazama kana kwamba anasoma kitu. Na Bibi, yeye kafumbua macho, anashangaa watu wa mjini wana kikohozi gani hiki, akanigeukia mbele yao wote na kusema:

"Haya mume wangu, mgonjwa yuko wapi? Mrete hapa nimkague kabra giza harijaingia."

Hapo hata Mzee Bwire alianguka kutoka kwenye kiti.

Modesta alisimama, akaingia ndani. Nilimfuata. Nilimkuta amesimama katikati ya chumba, kiganja kimefunika mdomo, na macho yamejaa maji, na sikujua kama anacheka au analia, na nadhani hata yeye hakujua.

"Shubiri mwitu," akasema.

"Ndiyo."

"Na majivu. Chini ya mabawa."

"Ndiyo, Mode."

"Kwa hiyo hakuna mwanamke?"

"Nimpeleke wapi mwanamke wa pili," nikasema, "na wa kwanza mwenyewe nimemshindwa?"

Akanipiga ngumi kifuani, siyo ya maumivu. Akasema, "Wiki nzima najitazama kwenye kioo, najiuliza nimekosa nini. Nilijua nanuka. Nilijua umenichoka. Faustine, ungesema tu." Akakaa chini sakafuni, akacheka, akalia, nikakaa naye. Nje tulisikia Bibi anawaeleza akina mama kwamba huyu aliyemleta ni shujaa, anahudumia mitetea kumi na wawili bila kupumzika, na akina mama wanampigia makofi.

Lakini kuna jambo lililonishangaza kuliko yote. Watu walipoanza kuondoka, nilijificha nyuma ya nyumba kwenye ule mwamba wangu. Mzee Bwire akaja. Nikajua amekuja kunisema. Akasimama pembeni yangu, akaangalia ziwa, akasema polepole, "Mimi ni mwaka wa pili, kijana." Nikamgeukia. "Nina sukari. Mke wangu nimemwambia ni uzee. Hiyo dawa ya bibi yako, inafanya kazi?" Nikamwambia mzee wangu, inaendesha tumbo tu. Akacheka kidogo, akanishika bega, akaondoka. Na kabla jua halijazama wakaja wengine wawili, kwa zamu, kila mmoja anajifanya anatafuta ndala zake. Ndipo nikajua kwamba kwenye vile viti vya plastiki sikuwa peke yangu, ila mimi ndiye niliyetangazwa.

Jumatatu Modesta alinipeleka kituo cha afya, amenishika mkono kama mtoto anayepelekwa chanjo. Daktari alikuwa dada mdogo, labda mdogo kuliko mimi, nikataka kugeuka nirudi. Modesta akanibana kidole. Nikasema, kwa Kiswahili cha kawaida, bila ndege yeyote ndani yake: "Dokta, uume wangu hausimami nikiwa na mke wangu." Dunia haikupasuka. Yule dada akaandika tu, akauliza, "Na asubuhi ukiamka?" (Yaani swali lilelile la Bibi.) Akapima presha, akapima sukari, akauliza nalala saa ngapi, nakunywa nini, navuta nini. Sukari haikuwa na neno. Presha ilikuwa juu, na mimi sikuwa na habari.

"Unakaa mlimani?" akaniuliza.

"Juu kabisa."

"Maji ya bomba yakipungua nguvu, nani anakosa kwanza?"

"Sisi wa juu."

"Basi na mwili ni hivyohivyo. Pale panahitaji damu iende kwa nguvu na kwa wingi, na mishipa yake ni midogo. Presha, sukari, sigara, mafuta kwenye mishipa, vyote vinabana bomba, na pale ndipo panapokosa kwanza, kabla moyo haujalalamika. Kwa hiyo mwanaume akiona hivyo asikimbilie unga wa barabarani, aje tumpime, inawezekana mwili unamwonya mapema." Akaniambia kwamba ule unga mara nyingine unachanganywa na vidonge visivyosemwa, na mtu mwenye moyo mbovu au presha unaweza kumuua. Halafu akasema jambo ambalo sikulitegemea. Kwamba kwa kuwa alfajiri mwili unajaribu, huenda kwangu bomba halijaziba sana, kilichobaki ni uchovu wa zamu mbili, yale makopo, na woga. "Ukishindwa mara moja ukaogopa, woga unafunga bomba, unashindwa tena, unaogopa zaidi. Na huwezi kumaliza woga kwa kumficha mtu unayelala naye."

Modesta akasema, "Msikie."

Haikuwa muujiza, nisiwadanganye. Niliacha sigara nikarudia, nikaacha tena. Makopo niliyaacha kabisa, zamu nikabaki na moja, nikapunguza chumvi, tukawa tunashuka mlima kwa miguu jioni kuzungumza, na presha ikafuatiliwa kila mwezi. Daktari alituambia tukae wiki kadhaa bila kujaribu chochote, tukumbatiane tu, na zile wiki, jamani, nikizikumbuka leo ndizo naziona kuwa fungate yetu hasa, tumelala tunahesabu taa za mitumbwi ya dagaa huko ziwani, hakuna anayemdai mwenzake kitu. Boti ikasogea mbele miaka. Mpaka sasa inasogea. Nimeiacha isogee.

Bibi alikaa wiki nzima. Siku nampeleka bandarini alinishika mkono, akaniuliza, "Mume wangu, ware watu waricheka nini?" Hapo sikuwa na pa kukimbilia. Nikamwambia kwa Kikerewe, lugha aliyonifundishia kila kitu, na ambayo mimi sina fumbo lolote ndani yake, nikataja kitu kwa jina lake. Bibi akasimama. Akanitazama kutoka juu mpaka chini, akashika kichwa kwa mikono miwili katikati ya watu na mizigo.

"Na mimi nirikuambia umchinje!"

Tulicheka mpaka mtu wa tiketi akaja kuuliza kama mama anaumwa. Aliondoka anacheka, nikamwona kwenye feri bado anajifuta macho na ncha ya kilemba, na ninavyomkumbuka mimi ni hivyo, maana mwaka jana alitutoka, na simu yake ile ya spika nimeichukua, nimeiweka kabatini, siwezi kuiwasha.

Niliporudi kutoka mazikoni Nansio, mwili ukagoma tena. Wiki ya kwanza, wiki ya pili. Nikajikuta naanza kutafuta mafua yangu ya zamani. Halafu Jumapili moja mchana, Modesta amekaa mlangoni anachambua dagaa, anatoa mawe na mchanga, nilimwendea nikasimama. Nilikuwa nimeapa baada ya siku ile ya jumuiya kwamba kitu chochote kikiharibika ndani yangu, hatakisikia kwenye maombi ya watu, atakisikia kwangu, kwa jina lake, na yeye wa kwanza.

"Mode, uume wangu umekataa tena. Tangu mazishi. Siyo wewe, nadhani ni huzuni, na kesho naenda kupima presha."

Hakuinua uso. Alisogea kidogo kwenye mkeka, akapiga piga nafasi iliyobaki kwa kiganja, akanisogezea ungo.

"Nimekusikia," akasema. "Kaa. Wewe anza na hawa wa upande huu."